Mate ya Sajenti

Mwaka jana nilimpeleka mbwa wangu kwa daktari wa mifugo mjini Kakamega kwa jambo dogo tu, kupe waliomjaa masikioni. Daktari, kijana mwenye haraka, alimshika taya akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, na ile harufu ikanifikia kabla hajasema neno. Meno mabovu ya mbwa yana harufu yao. Ina uozo wa nyama, ina kutu, tena ina utamu fulani unaokera, kama majani ya chai yaliyosahauliwa ndani ya birika siku tatu. Kijana alikuwa akinieleza habari za ukoga na fizi zilizovimba. Nilitikisa kichwa, lakini sikuwa pale. Nilikuwa uani kwetu, upande wa Buyangu, nina miaka tisa, na mkono wangu wa kulia nimeuficha ndani ya sweta.

Shamba letu lilipakana na msitu. Kima walishuka kwenye mahindi yetu kama watu wenye kibali, na kazi ya kuwafukuza ilikuwa ya Sajenti. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alizunguka mpaka wa shamba asubuhi na jioni kwa mwendo ule ule, kichwa juu, kama anayekagua gwaride. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo mkavu, sikio moja limechanika, na nilipozaliwa nilimkuta. Baba alikuwa akifundisha huko Lumakanda na kurudi Ijumaa. Mama aliuza nguo za mitumba sokoni. Kwa hiyo saa nyingi za utoto wangu, kati ya kutoka shule na mama kurudi, nilikuwa na Sajenti peke yake.

Mchezo wetu ulikuwa mmoja. Niliokota mawe madogo barabarani, nikarusha moja juu, naye akaruka na kulidaka kwa mdomo. Ko! Nilipenda ule mlio. Ulinifanya nicheke kila mara, na kadiri nilivyocheka ndivyo alivyoniletea jiwe tena, lina mate, akaliweka kwenye kiatu changu na kuningoja. Tulicheza hivyo miaka. Hakuna aliyetuambia ni vibaya, na sidhani kuna aliyejua.

Mvua ndefu ilipoanza mwaka huo, Sajenti akaacha kudaka. Jiwe lilianguka mbele yake, naye akaliangalia tu. Kisha akaanza kudondosha chakula. Alichukua tonge, akalitafuna mara mbili upande mmoja wa kinywa, akaliacha lianguke na kwenda kulala chini ya ghala la mahindi. Mimi nilidhani ananiringia. Nilidhani amechoshwa na obusuma tupu, ugali usio na kitoweo, anataka nyama, na kwa siku kadhaa nilimnunia kama ninavyomnunia mtu. Hata mate yaliyokuwa yakimchuruzika upande wa kulia, marefu, mazito, niliyaona kuwa ni tamaa ya hiyo nyama.

Jumamosi moja mama akiwa sokoni, niliamua kumpatanisha nami. Ilikuwa imebaki supu ya ingokho, kuku wa kienyeji, nikailoweshea ugali na kumpelekea pale chini ya ghala. Alinusa, mkia ukapiga chini mara moja. Akachukua. Halafu akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba kama ya mtoto wa mbwa, na ugali ukamtoka. Nikajua kuna kitu kimemkwama. Nikapiga magoti, nikamshika taya, nikatia mkono ndani.

Sikumbuki maumivu. Nakumbuka yeye aliruka nyuma mbali kuliko mimi, akajibanza kwenye nguzo, masikio yamelala, ananiangalia kama kwamba mimi ndiye niliyemuuma. Chini ya kidole gumba nilikuwa na matundu mawili. Damu ilichelewa kutoka, kisha ikatoka.

Baba alikuwa amewahi kusema, mezani, bila hasira, kwamba siku Sajenti atakapouma mtu wa nyumba hii atamwondoa. Sikuuliza kuondoa ni nini. Kwa hiyo mama aliporudi na kuniuliza mkono una nini, jibu lilikuwa tayari.

"Seng'enge, mama."

"Seng'enge ya wapi?"

"Ya kule kwa ng'ombe."

Alininyoosha mkono juu ya beseni, akanisugua kwa sabuni ya kipande na maji mengi mpaka nikalia, huku akisema kutu ya seng'enge si mchezo na mimi sina macho. Nilikuwa nimedanganya vizuri. Nilijisikia mwerevu siku mbili.

Jumatatu nilipotoka shule nilimkuta Mzee Lumbasi amesimama kwenye lango letu. Alikuwa jirani wa upande wa juu, mtu mrefu, mkimya, asiyependa watoto. Hivyo ndivyo sisi watoto tulivyomfahamu. Alikuja kuchukua jembe lake. Lakini hakuingia. Alikuwa akimtazama Sajenti, ambaye alitembea uani kama aliyelewa, akisugua uso kwenye nyasi, mate yamechanganyika na uzi wa damu.

"Mama Nelima," aliita. "Toka lakini usipite hapo karibu. Hiyo mbwa yako iko namna hivyo tangu lini?"

"Ni uzee tu, mzee. Hakulangi vizuri siku hizi."

"Si uzee. Hiyo ni kichaa." Alilisema neno lile taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kizito. "Funga. Funga sasa hivi, na huyu mtoto asiguse."

Kisha akanitazama mimi. Mkono wangu ukaingia wenyewe ndani ya sweta.

Mama alimvuta Sajenti kwa mnyororo mpaka kwenye kibanda kikuukuu cha kuku na kupigilia ubao mlangoni. Jioni ile Mzee Lumbasi alirudi na wanaume wawili, kila mmoja na rungu. Mama aliwasimamia mbele ya kibanda, bado amevaa kanga yake ya jikoni. Alisema mwenye mbwa hayupo. Alisema Daktari Imali wa mifugo anakuja Jumatano kupandisha ng'ombe wa jirani, basi atazame, akisema ni kichaa wafanye watakalo.

"Tungoje nini?" Mzee Lumbasi alisema. "Tungoje mtoto aumwe?"

"Amefungwa. Ataumaje?"

Waliondoka, lakini Mzee Lumbasi alibaki kidogo pale njiani, akiuangalia mlango wa kibanda. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Niliona mtu mzima aliyepata sababu ya kuua, na hataki kuiacha impite.

Kesho yake shuleni nilimuuliza rafiki yangu Rozi, kwa mzunguko, kwamba mtu akiumwa na mbwa wa kichaa huwa nini. Rozi alijua kila kitu. Alisema mtu huyo anaogopa maji, kisha anabweka, kisha anafungwa kamba kitandani. Na kama atawahi hospitali, anadungwa sindano arobaini za tumbo, ndefu kama za kushonea magunia. Aliniambia hayo huku akila mabuyu, bila kuacha kutafuna.

Tangu saa ile sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilikwenda kwenye tangi la shule kunywa maji, nikarudi darasani, nikaomba ruhusa, nikaenda tena. Kila nikimeza bila woga nilihesabu kuwa ningali mzima. Mwalimu aliniuliza kama nina homa. Nilisema hapana, nikaomba ruhusa mara ya tano. Nilikuwa nasema jedwali la saba kimoyomoyo ili nione kama akili ipo. Nikikosea saba mara nane, naanza upya. Nilipokohoa nilijisikiliza. Mara moja maji yalinipalia, yakanitokea puani, nami nikaachia mfereji nikakimbia mpaka nyuma ya choo na kusimama pale, nikiamini imeanza.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ya mama. Kama ugonjwa uko kwenye mate, basi uko kwenye mate yangu pia. Sikutaka kula naye sahani moja. Nilificha kikombe changu chini ya kitanda. Aliponiita nikae karibu anisuke nywele, nilisema kichwa kinauma, na aliponigusa paji la uso nilimsukuma mkono. Nauona uso wake mpaka leo. Hakukasirika. Alidhani namlaumu kwa ajili ya mbwa.

"Nelima, mimi nafanya nitakavyoweza," alisema. "Mama, unanisikia?"

Nilimsikia. Nikatoka kwenda kunywa maji.

Naye Sajenti alikuwa ndani ya kibanda, akizunguka, mnyororo unagonga ubao. Nilipita mbele yake mara nyingi na sikusimama hata mara moja. Nilikuwa nimempenda kiasi cha kudanganya, na sasa nilikuwa nikimwogopa, na vyote viwili vilinikimbiza huku na huku kama kuku aliyekosa pa kutagia.

Jumatano alasiri Daktari Imali alifika kwa pikipiki yake, buti za mpira miguuni, kisanduku cha bati kimefungwa nyuma. Alikuwa mama mnene kiasi, mwenye sauti ya kawaida hata katika mambo makubwa. Mzee Lumbasi alikuwa tayari langoni, rungu mkononi. Hakusalimia.

"Kila mtu akae huko," daktari alisema. "Mimi nimechanjwa, nyinyi hamjachanjwa."

Kwanza hakufanya lolote. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbali kidogo na kibanda, akatazama. Akaniuliza jina la mbwa, akamwita, na Sajenti akapiga mkia kwenye ubao. Akasukuma sufuria ya maji chini ya mlango. Sajenti alikuja mbio, akatia ulimi, akalia, akainamisha kichwa upande wa kushoto na kujaribu tena kwa upande ule.

"Anataka maji," mama alisema, karibu kupiga kelele.

"Naona. Hilo peke yake halinitoshi." Daktari alisogea. "Lakini mwone hapa, chini ya jicho la kulia. Pamevimba. Na mate yanatoka upande huo huo tu."

Alivuta mnyororo kupitia mwanya wa mbao mpaka Sajenti akabanwa asiweze kugeuka, akamdunga sindano ya usingizi pajani. Tulingoja. Mbwa alipolegea, daktari alivaa glavu nene, akafungua mlango, akambeba kama gunia la viazi na kumlaza juu ya mfuko wa mbolea mahali penye mwanga. Akainua mdomo. Hapo ndipo ile harufu ilipotoka na kutufikia sote, mama akafunika pua kwa kanga.

"Mzee, sogea kidogo uone," daktari alisema. Mzee Lumbasi alisogea hatua mbili.

Meno ya Sajenti yalikuwa yamevaa ukoga mgumu wa kahawia kama udongo uliokauka kwenye jembe. Fizi zilikuwa nyekundu, na meno madogo ya mbele yalicheza yakiguswa kwa kidole. Lakini daktari alikuwa akionyesha gego moja kubwa la juu. Lilikuwa limepasuka kutoka kileleni mpaka kwenye ufizi, kipande kimoja kinaning'inia, na alipolibonyeza, usaha ukatoka pembeni yake.

"Jino hili limekufa kitambo. Lina jipu kwenye mzizi. Wewe ungekula na kitu hiki? Ungetoa mate tu." Alichukua koleo. Kazi ilimchukua muda. Gego lilitoka vipande viwili, kisha meno ya mbele manne, moja baada ya jingine, yakilia kwenye kifuniko cha bati. Aliyageuza geuza. "Haya yamelika bapa. Na hili limepasuliwa na kitu kigumu. Mbwa huyu anatafunanga mawe?"

Mama alisema hajawahi kuona. Daktari akanigeukia mimi.

Sijui kwa nini swali dogo kama lile lilinivunja. Rungu halikunivunja, wala Rozi, wala mkono wa mama kwenye paji langu. Labda ni kwa sababu lilikuwa swali la kweli na mimi peke yangu ndiye nilikuwa na jibu.

"Mimi," nilisema. "Mimi ndio humrushia. Anadaka. Sikujua." Na kabla sijajizuia, nikatoa mkono ndani ya sweta. "Na ameniuma. Jumamosi. Haikuwa seng'enge."

Mama alikaa chini. Hakuchagua pa kukaa, alikaa tu pale penye matope. "Mayi wee," alisema, kwa sauti ndogo. "Nilimwosha mwenyewe. Nilimwosha kwa mikono hii na sikuona."

Nilimtazama Mzee Lumbasi. Sura yake ilikuwa imebadilika rangi. Aliliegemeza rungu kwenye seng'enge, polepole, kisha akageuka na kukimbia. Mzee yule, ambaye hatukuwahi kumwona hata akitembea haraka, alikimbia akiielekea barabara, koti linampiga mgongoni. Nami nilijua anakwenda kuwaita wale wanaume wengine. Nilijua wanakuja na kamba. Nilimng'ang'ania mama shingoni nikapiga mayowe kwamba sitaki sindano za tumbo, kwamba sijabweka, sijabweka hata mara moja, na saba mara nane ni hamsini na sita.

Daktari alinishika mabega. "Sikiliza. Mimi sioni kichaa hapa, naona jino bovu. Alichanjwa?"

"Akiwa mdogo," mama alisema. "Kadi sijui iko wapi."

"Basi siwezi kumchezea mtoto kamari kwa macho yangu. Hospitali leo. Si kesho, leo. Sindano za siku hizi ni za mkono, si za tumbo, nani alikuambia tumbo? Na huyu atabaki amefungwa mpaka zitimie siku kumi tangu alipouma. Nne zimepita. Akiwa mzima siku ya kumi, si kichaa. Akibadilika, mnanipigia simu saa hiyo hiyo."

Nilisikia pikipiki. Ilikuja kwa kasi mpaka langoni, na nyuma ya dereva ameketi Mzee Lumbasi, anahema mdomo wazi. Alishuka kabla haijasimama sawasawa.

"Pandeni," alisema. "Nimemwambia awapeleke mpaka Kakamega, asisimame popote. Mama Nelima, acha hiyo kanga ya matope, panda tu."

Nilidungwa siku ile, na nikarudishwa tena na tena kwa siku walizoziandika kwenye kadi. Ziliuma kama sindano nyingine yoyote. Kilichonitesa hakikuwa sindano, bali zile siku sita. Sajenti aliamka na kinywa kimevimba, hakula kesho yake, na nilikaa mbele ya mlango wa kibanda kwa umbali niliopimiwa na mama kwa kijiti, nikimtazama kila anapopepesa. Alipolala sana niliogopa. Aliposimama ghafla niliogopa. Baba alirudi Ijumaa; hakusema habari ya kuondoa mbwa. Alikaa nami pale kwenye nyasi na kuniuliza kwa nini sikumwambia mtu, nami nikamwambia ni kwa sababu ya alichosema mezani. Alifikiri kwa muda mrefu kukumbuka alisema nini. Hakukumbuka. Hilo lilimuuma kuliko kama angekumbuka, nafikiri, kwa sababu aliinuka akaenda shambani bila jembe.

Na kila asubuhi, kabla sijavaa sare, Mzee Lumbasi alikuwa nje ya lango.

"Amekunywa?"

"Amekunywa."

"Amekula?"

"Uji kidogo, na maziwa."

Basi anaondoka. Hakuniuliza habari zangu hata siku moja. Nilimjibu kwa adabu kwa sababu mama alikuwa akisikia, lakini ndani nilisema anangoja afe, anangoja aonekane alisema kweli.

Siku ya kumi ilikuwa Jumanne. Sajenti aliamka kabla yetu na kubweka kima waliokuwa kwenye mahindi, mbweko wa hewa nyingi kwa sababu ya mapengo, na baba, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, akang'oa ule ubao. Sajenti alitoka. Alinyoosha miguu. Alikunywa maji nusu sufuria, akala ugali uliolowekwa maziwa mpaka akalamba chini, kisha akaenda kukagua mpaka wa shamba kama mtu aliyerudi kutoka likizo. Mama alikuwa akicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Daktari alikuwa ametuambia meno hayatarudi. Nilimuuliza kwa nini, akasema mbwa huota meno mara mbili tu kama mimi, na Sajenti alikwishamaliza zamu zake. Angekula laini maisha yake yote, na alikula laini, miaka mitatu zaidi.

Mzee Lumbasi aliingia langoni asubuhi ile. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia tangu ile Jumatano. Alimtazama Sajenti akipita kule kwenye mahindi. Baba alimkaribisha chai, akakataa kwa mkono. Alikuja moja kwa moja nilipokuwa nimesimama, akachuchumaa, na magoti yake yakalia.

"Nilikuwa na ndugu mdogo," aliniambia. Hakuwa akizungumza na baba wala mama. "Timona. Alikuwa rika lako. Aliumwa na mbwa wetu wa nyumbani, tukakaa naye wiki nyingi, tunacheza, tunalala kitanda kimoja. Hakuambia mtu. Alikuwa anapendanga ile mbwa. Siku tulijua, alikuwa anaogopa maji tayari; tulimzika wiki hiyo."

Nilisema pole, neno ambalo watoto hulisema wakiwa hawajui lingine.

"Lete mkono."

Nilimpa. Aliushika kwa vidole vyake vigumu vya shamba, akaugeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya yale makovu mawili madogo, mara moja, na mara ya pili. Alikaa hivyo muda mrefu hata mama akaacha kufagia. Kisha akanirudishia mkono wangu, taratibu, akausukuma hadi kifuani kwangu kama kitu ambacho alitaka nikishike vizuri, akainuka na kwenda zake nyumbani.